Uzi: Petroli ipi inaifaa injini ya gari la kizamani hapa Arusha na Moshi?

Mkongwe wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu swali la mafuta ya magari ya kizamani huulizwa mara kwa mara katika magereji ya Arusha na Moshi, na majibu mengi yanayotolewa humsaidia zaidi muuza chupa za viongezi kuliko mwenye gari. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini: sehemu kubwa ya magari ya kizamani yaliyobaki huku Kaskazini hayahitaji petroli ya gharama kuliko ile inayouzwa sheli ya kawaida. Yanahitaji petroli ambayo haijachakachuliwa, taimingi (wakati wa kutoa cheche) iliyowekwa kwa kuzingatia mwinuko tunaoishi, na valvu zinazofunga juu ya siti (ukingo zinapokalia) ngumu.

Nianze na okteni, maana ndiyo inayopotoshwa kuliko yote. Watu wengi huamini kwamba okteni ni nguvu ya mafuta, kwamba petroli ya 98 ina "moto" zaidi kuliko ya 91, hivyo gari litakimbia zaidi. Sivyo. Namba ya okteni hupima uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla ya muda wake. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na kupata joto. Cheche ikishatoka kwenye plagi, moto unatakiwa kusambaa kwa utaratibu kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Petroli dhaifu haiwezi kusubiri: sehemu ambayo bado haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe kwa mkupuo, na ndipo tunaposikia ule mlio wa kugonga, hasa ukiwa kwenye gia kubwa huku umekanyaga mafuta mlimani. Injini ambayo haigongi haipati faida yoyote kwa kupewa okteni ya juu zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta katika kitabu cha gari lako ni uwiano wa mgandamizo. Land Rover nyingi za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ziliundwa na uwiano wa 7 kwa 1, kwa makusudi kabisa, kwa sababu zilikusudiwa kufanya kazi mahali ambapo mafuta mazuri hayapatikani. Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 nazo ziko kati ya 7 na 7.5. Injini za namna hiyo zinaridhika na petroli ambayo leo ingeonekana hafifu. Ukizijaza petroli ya okteni 98 unalipia kitu ambacho haziwezi kukitumia. Ukipanda hadi 9 kwa 1 au zaidi, kama ilivyo kwa baadhi ya magari ya michezo na ya kifahari ya miaka ya mwisho ya 1960, hapo mazungumzo yanabadilika na okteni inakuwa jambo la lazima.

Kuna mtego katika vitabu vyenyewe. Vitabu vingi vya Waingereza vya zama zile haviandiki namba, vinaandika nyota. Katika mfumo huo, nyota mbili zilikuwa okteni 90, nyota tatu 94, nyota nne 97 na nyota tano 100, zote kwa kipimo kiitwacho RON. Vitabu vingi vya Marekani vya tangu miaka ya 1970 navyo hutumia kipimo kingine, ambacho ni wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi kiitwacho MON, kwa hiyo 87 ya pampu ya Marekani inakaribiana na 91 au 92 ya RON. Mtu aliyeagiza Ford Mustang au Jeep ya zamani na kusoma "87" katika kitabu asidhani kwamba gari lake linavumilia petroli mbaya kuliko Peugeot ya jirani inayodai 92. Huenda yanahitaji kitu kilekile.

Jambo la pili ni risasi, na hapa namaanisha madini, si ya bunduki. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors waligundua kwamba kemikali iitwayo tetraethili ya risasi, ikitiwa kidogo tu katika petroli, huzuia injini kugonga. Petroli ya aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923 na ikatawala dunia kwa miongo mingi, pamoja na kwamba risasi ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka katika vituo vya eneo hili. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, Julai 2021. Sioni sababu ya kuilia. Ila ni lazima tukiri kwamba kwa bahati ilikuwa ikifanya kazi ya pili ambayo wabunifu wa injini waliitegemea bila kuihesabu.

Valvu ya ekzosi hufanya kazi katika joto kali mno, na kila inapofunga, hugonga siti yake mara maelfu kwa dakika chache. Kama siti imechongwa moja kwa moja ndani ya silinda hedi ya chuma cha kutupwa, bila pete ya chuma kigumu, chembe ndogo sana za siti hujichomelea kwenye uso wa valvu na kung'oka inapofunguka tena. Risasi iliyoungua iliacha utando mwembamba uliozuia kushikana huko. Utando ukikosekana, siti huliwa taratibu na valvu huzama ndani ya hedi. Dalili yake inawapoteza mafundi wengi, kwa sababu injini haianzi kupiga kelele. Kinyume chake, inanyamaza. Nafasi kati ya roka (mkono unaoisukuma valvu) na ncha ya valvu hupungua badala ya kuongezeka, hadi siku valvu inashindwa kufunga kabisa, kompresheni ya silinda hiyo inapotea, na valvu inaungua ukingoni.

Si kila gari la kizamani lina tatizo hili. Hedi ya alumini haiwezi kuwa na siti ya alumini, kwa hiyo ililazimu kiwanda kuweka pete ngumu tangu mwanzo. Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun zenye injini ya familia ya L kama 1600 SSS na 240Z, zote zina hedi za alumini na wenye nazo wanaweza kulala usingizi. Wanaopaswa kuwa macho ni wenye hedi za chuma cha kutupwa: Morris Minor, Mini, MGB, Ford Cortina za mwanzo na wenzao. Na hata hao wasitaharuki. Kuliwa kwa siti kunategemea sana kasi ya injini na muda inaokaa katika kasi hiyo. Morris Minor inayotoka Sakina kwenda sokoni na kurudi inaweza kwenda miaka mingi bila madhara ya kupimika, ilhali hiyohiyo ikisukumwa mwendo wa juu mfululizo kutoka Arusha hadi Segera, siti zake zitahesabu kila kilomita.

Jambo la tatu ni mwinuko, na hili mabaraza ya Ulaya hayatatusaidia sana kwa sababu wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Arusha iko takriban mita 1,400, Moshi takriban mita 900, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300 hivi. Hapa mjini Arusha kani ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Maana yake ni kwamba silinda inavuta hewa nyepesi, mgandamizo halisi unapungua, na injini ileile inahitaji okteni ndogo kuliko ikiwa pwani. Ndiyo sababu katika majimbo ya milimani ya Marekani, kama Colorado, pampu huuza petroli ya kawaida ya 85 badala ya 87. Mwenye Land Rover wa Arusha anayelalamika kwamba petroli yetu ni hafifu amebebwa na mlima bila kujua.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nayo haina akili ya kujua kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyokuwa pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinaota masizi, na gari linakula mafuta. Mtu anaona moshi mweusi, analaumu petroli, kumbe jeti, yaani tundu linalopitisha petroli, ndiyo kubwa.

Nakaribisha maswali na mapingamizi.

Fundi wa Pasua

Mkuu, ahsante kwa uzi uliopangika. Mimi ni fundi huku Moshi na naungana nawe kwa mengi, lakini umeipita haraka mno habari ya uchakachuaji. Magari ninayoletewa yakiwa yanagonga, mara nyingi okteni iliyoandikwa kwenye vipimo vya serikali haina kosa lolote. Kosa ni kwamba kilichomo tangini si petroli tupu. Mafuta ya taa yana okteni ya chini sana, kiasi kwamba hata sehemu ndogo yake ikiingia katika petroli huishusha namba yote kwa kiwango ambacho injini inasikia papo hapo.

Serikali ililiona jambo hili. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) katika mafuta, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na faida ya kuchanganya ipotee. Hali imekuwa bora tangu hapo. Hata hivyo petroli ya kwenye madumu, inayouzwa kwa lita moja moja kandokando ya njia huko vijijini, haina kinasaba cha kumlinda mnunuzi.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Chukua karatasi nyeupe safi, dondosha tone moja la petroli, uiache kivulini mahali pasipo na moto. Petroli safi hupotea ndani ya dakika chache na karatasi inabaki kama ilivyokuwa, au na duara hafifu sana. Ikiwa na mafuta ya taa, doa la mafuta linabaki, ukiinua karatasi kuelekea mwanga unaliona linang'aa, na harufu yake haiondoki. Kipimo hiki hakitakuambia ni asilimia ngapi, lakini kitakuambia kama unastahili kurudi kituo kile tena.

Mkongwe wa Njiro

Fundi, nakubali, na nashukuru kwa kuliweka sawa. Niongeze tu kwamba mafuta ya taa hayachomeki yote katika injini ya petroli. Yanayobaki huteremka kando ya pistoni na kuingia katika oili. Mwenye gari akichomoa kijiti cha oili akakuta usawa umepanda badala ya kushuka, na oili imekuwa nyepesi kama maji na inanuka, asihangaike na plagi. Amwage oili hiyo, amwage na tangi.

Binti Kibosho

Shikamoo wakubwa wa jukwaa. Nina Mini ya marehemu babu yangu, hedi ya chuma, haijawahi kufunguliwa tangu alipoinunua. Nimeambiwa niweke kiongezi cha kuchukua nafasi ya risasi kila ninapojaza. Mwingine kaniambia nichanganye oili ya pikipiki ya tu-stroki kidogo. Naomba mwongozo, maana pesa ya kufungua injini sina kwa sasa.

Mkongwe wa Njiro

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza babu.

Viongezi vya kweli vipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Uingereza ilipokuwa inajiandaa kuacha petroli yenye risasi, shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria la nchi hiyo lilivipeleka viongezi kadhaa maabara na kuvijaribu katika injini ya familia ileile ya Mini yako, tena kwa kasi kubwa kwa makusudi. Vilivyofaulu vilitegemea kemikali kama potasiamu, fosforasi au manganizi, ambazo huacha utando kwenye siti kwa namna inayofanana na risasi. Kwa hiyo ukinunua, soma kibandiko: kama hakitaji kwamba kinalinda siti za valvu, kinataja tu "kusafisha" na "kuongeza nguvu", kiache dukani. Ukishachagua kimoja baki nacho, usichanganye aina mbili tofauti, maana kemikali hizo hazielewani zote.

Oili ya tu-stroki haina kazi hiyo. Hailindi siti, inashusha okteni kidogo, na kwa kuwa inachukua nafasi ya petroli inayopita kwenye jeti, mchanganyiko unakuwa mwepesi na joto la valvu linapanda, yaani inaharakisha kile unachokizuia.

Ila kabla ya kununua chochote, fanya jambo ambalo halina gharama. Mwombe fundi apime nafasi ya valvu zote nane kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi, uandike namba hizo kwenye daftari pamoja na kilomita za gari. Rudia baada ya kilomita elfu moja au mbili. Kama nafasi za valvu za ekzosi hazibadiliki, siti zako haziliwi. Huenda utando wa risasi wa miaka ya babu bado unafanya kazi, au hedi ilishawekewa pete zamani bila kuandikwa popote. Kama zinapungua kila unapopima, basi anza kuweka akiba. Siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu yoyote, gasketi tu hata, ipeleke kwenye karakana ya kuchonga vyuma waweke pete ngumu upande wa ekzosi. Kazi hiyo hufanywa mara moja, na baada ya hapo chupa unazisahau.

Msafiri wa Karatu

Wakuu, naomba kuuliza jambo ambalo huenda ni la hatari. Kule uwanja wa Kisongo kuna ndege ndogo nyingi, na nimesikia mafuta ya ndege bado yana risasi na okteni 100. Kwa nini mtu asitafute lita chache za kuchanganya?

Mkongwe wa Njiro

Ndugu Msafiri, swali zuri, na jibu ni usifanye hivyo.

Kwanza, ndege nyingi unazoziona zikibeba watalii kwenda Serengeti, kama zile Cessna Caravan, hazitumii petroli kabisa. Zina injini za tabo na zinachoma Jet A-1, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukiuziwa hiyo kwa jina la "mafuta ya ndege" na kuimimina katika Land Rover, umejichakachulia mwenyewe. Ndege zenye injini za pistoni ndizo zinazotumia petroli ya ndege iitwayo 100LL, yenye rangi ya buluu. Hiyo kweli ina risasi, na nyingi: hadi gramu 0.56 kwa lita, zaidi ya petroli nyingi za magari za zama za mwisho za risasi. Inachafua plagi za injini ya barabarani, mchanganyiko wake umetengenezwa kwa hali ya angani, na moshi wake unaishia katika mapafu ya mtoto aliyesimama kando ya barabara. Injini ya uwiano wa 7 kwa 1 haina shida ambayo okteni 100 inaitibu.

Kabureta Mbili

Mimi napinga kidogo. Nina gari la Kiingereza la mwaka 1969 lenye uwiano wa 9 kwa 1, na likipewa petroli ya kawaida linagonga. Nikiweka chupa ya kupandisha okteni linatulia. Kwa hiyo si kweli kwamba sote tunatupa pesa.

Mkongwe wa Njiro

Mkuu, nilisema "sehemu kubwa", na lako halimo. Lakini tazama chupa yako vizuri. Nyingi zinaahidi kupandisha okteni kwa "pointi" tatu au tano, na katika lugha ya wauzaji hao pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba ya okteni. Pointi tano ni nusu ya namba, kutoka 93 hadi 93.5. Kama gari linatulia kwa nusu namba, basi lilikuwa ukingoni tu, na kuchelewesha taimingi kidogo tu kungefanya kazi ileile bila gharama. Chupa ambazo kweli hupandisha namba nzima mara nyingi zina manganizi. Utazijua kwa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu ambayo huachwa kwenye ncha ya plagi.

Wapo pia wanaosaga vidonge vya kufukuzia nondo kabatini na kuvitumbukiza tangini, kwa sababu nafthalini ina okteni ya juu. Ni kweli inayo. Pia huganda ikipoa na kuziba jeti, na nimeona kabureta iliyofunguliwa ikiwa na chembe nyeupe ndani ya bakuli kama sukari iliyomwagika.

Ushauri wangu kwa gari lako: kwanza ondoa masizi katika vyumba vya kuchomea, maana tabaka nene la kaboni linapunguza nafasi na kupandisha mgandamizo bila wewe kutaka, na likiwa jekundu kwa joto linawasha petroli kabla ya cheche. Ukizima ufunguo na injini ikaendelea kujizungusha na kutetemeka, hiyo ndiyo ishara yake. Baada ya hapo shughulika na taimingi. Ikigoma bado, kuna njia ya kudumu: gasketi ya hedi iliyo nene zaidi hupunguza uwiano kidogo, ukapoteza nguvu ambazo mlima wa Arusha ulishakuchukulia hata hivyo.

Binti Kibosho

Ahsante sana mzee wangu. Samahani, jambo la pili: ndugu yangu aliyeko Uingereza anasema petroli ya huko inaharibu mipira ya magari ya zamani kwa sababu ya ethanoli. Na ya kwetu?

Fundi wa Pasua

Dada, nijibu hili kwa kuwa nalikuta mezani kwangu. Uingereza petroli yao ya kawaida imekuwa na ethanoli hadi asilimia 10 tangu Septemba 2021, na Malawi jirani zetu wanachanganya ethanoli ya miwa tangu 1982. Ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani, hulainisha mipira ya zamani na gasketi za koki, na huyeyusha gundi iliyotumika kuziba matangi ya faibaglasi. Ukitaka kujua kama petroli yako inayo, tumia chupa nyembamba ya kioo iliyo wima. Tia maji vidole viwili, weka alama ya kalamu usawa wake, jaza petroli juu, funga, tikisa kwa nguvu, iache itulie robo saa. Petroli isiyo na ethanoli itaelea na mstari wa maji utabaki palepale. Ikiwa ina ethanoli, pombe hiyo itaikimbia petroli na kujiunga na maji, na mstari utapanda juu ya alama yako.

Hata bila ethanoli, petroli isiyo na risasi ina viyeyusho vikali kuliko ile ya zamani, kwa hiyo mipira ya miaka ya 1960 huchoka. Badilisha hosipaipu zote za mafuta na daiframu ya pampu kwa mipira ya kisasa inayovumilia mafuta. Hosi iliyopasuka juu ya manifoldi ya ekzosi ni moto wa gari zima.

Msafiri wa Karatu

Na ile tabia ya gari kuzima likipanda kuelekea geti la Ngorongoro mchana, likipoa linawaka tena? Wengine wanasema petroli mbovu.

Mkongwe wa Njiro

Hiyo ni petroli kuchemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Petroli ya leo imetengenezwa kwa ajili ya magari yanayoisukuma kwa kani kubwa kutoka ndani ya tangi, ambako haipati nafasi ya kuchemka. Gari la zamani linaifyonza kwa pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini yenye joto, na kadiri unavyopanda ndivyo kani ya hewa inavyopungua na petroli inavyochemka kwa joto dogo. Hata maji hapa Arusha huchemka kwa nyuzi 95 badala ya 100. Okteni haihusiki hata kidogo. Peleka bomba mbali na ekzosi, weka kinga ya bati kati ya manifoldi na kabureta, hakikisha rejeta na feni zinafanya kazi, na kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu kikufikishe getini kwa siku hiyo.

Kabureta Mbili

Swali la mwisho kwangu. Mwezi ujao tunateremka Tanga na magari matatu ya kizamani. Nifanye nini kabla ya safari?

Mkongwe wa Njiro

Hapa ndipo wengi huumizwa na mwinuko. Injini iliyowekwa sawa kwa hewa ya Arusha, taimingi ikiwa imesogezwa mbele (cheche itoke mapema zaidi) na jeti zikiwa zimepunguzwa, ikifika Tanga inakutana na hewa nzito: mgandamizo unapanda, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na joto la pwani linaongezea. Gari lililokuwa kimya Njiro litaanza kugonga kuanzia Korogwe, na dereva ataapa kwamba ameuziwa mafuta mabaya, ilhali shehena ya mikoa yetu ya Kaskazini nayo huingilia bandari hiyohiyo ya Tanga.

Kabla ya kuondoka, weka alama ya rangi au mkwaruzo mdogo kwenye shingo ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) na mahali inapokaa, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Mkifika Mombo, legeza boliti ya kushikilia distributa kidogo tu, kiasi cha kuizungusha kwa mkono kwa shida. Kuuzungusha mwili wake kuelekea upande ule ule rota inakozungukia kunachelewesha cheche. Nyuzi mbili au tatu zinatosha. Kaza, panda kilima kidogo ukiwa gia ya juu, ukanyage mafuta taratibu na usikilize. Kama unasikia mlio mfupi mwepesi unaopotea mara moja, uko pazuri. Kama unaendelea, punguza tena.

Kwa mwenye kabureta za SU, nati iliyo chini ya jeti ndiyo inayoamua mchanganyiko: ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza. Mlioipandisha kwa ajili ya Arusha, ishusheni robo tatu ya zamu mkifika pwani, kisha msome rangi ya plagi baada ya mwendo wa nusu saa. Kahawia nyepesi ndiyo mnayoitafuta, nyeupe kabisa ni hatari. Wenye Solex au Zenith za Land Rover wabebe jeti kuu ya awali mfukoni na bisibisi inayoifaa.

Jazeni mafuta katika vituo vyenye wateja wengi, ambako petroli haikai chini ya ardhi muda mrefu, na gari lililokaa bila kutembea kwa miezi lisiondoke na petroli yake ya zamani. Ikiwa inanuka kama vanishi, imwageni na mfungue filta. Siku ya kurudi, distributa irudishwe kwenye alama kabla ya kuanza kupanda kutoka Moshi.